Okidi Mpya: Jinsi ya Kuikagua Wadudu na Madoa Kabla Hujaichanganya na Mimea Mingine

Okidi iliyojaa maua ni rahisi kuinunua na ngumu kuikagua. Macho hukwama juu, kwenye maua, na majani yanapita bila kuulizwa lolote. Phalaenopsis, ile ya majani mapana na maua yanayofanana na vipepeo ambayo utaikuta hata kwenye supamaketi, huweza kubaki na maua wiki nane au zaidi hali nusu ya mizizi yake imeoza, kwa kuwa ina akiba ya maji na chakula kwenye majani yake manene. Maua yakianza kulegea, ugonjwa huwa umeshakaa. Kwa hiyo anza kukagua chini, upande wa majani na mizizi, uyafikie maua mwisho.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Karibu kila okidi iliyosafirishwa ina alama: jani limekwaruzwa na boksi, limepigwa na jua siku moja, limekunjwa na mtu. Hayo ni makovu. Hayatibiki, na hayahitaji kutibiwa. Kinachokupa kazi ni kile kinachotembea au kinachopanuka, na ukaguzi wote huu ni wa kutenga hayo mawili.

Hatua ya 1: Kagua ukiwa bado kwa muuzaji

Iwe ni kwenye vitalu vya Nairobi vya kando ya Barabara ya Ngong, ya Kiambu au ya Limuru, usione haya kuomba. "Mama, naomba niigeuze nione chini ya majani na mizizi." Muuzaji anayeiamini mali yake atakwambia tazama tu. Phalaenopsis nyingi huuzwa kwenye vyombo vya plastiki vinavyoonyesha ndani, kwa hiyo mizizi utaiona bila kuing'oa. Mizizi mizima ni ya kijani ikiwa imelowa, na ya rangi ya fedha ikiwa imekauka. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukiibonyeza hubaki ganda tupu.

Shika chombo, kitikise kidogo. Mmea wenye mizizi iliyojishika hauchezi. Ukicheza ovyo ndani ya chombo, mizizi ni michache au imekufa.

Halafu tazama jirani zake. Hili watu wengi hulisahau, nami naliona ni la maana kuliko hata kuutazama mmea wenyewe. Okidi unayoitaka yaweza kuonekana safi kabisa huku iliyosimama kando yake ina vitu vyeupe vya pambapamba kwenye maungio ya majani. Basi huenda na yako inavyo, ila bado ni vidogo. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye bua la maua, jiulize wanafuata nini. Mara nyingi wanafuata utamu unaotolewa na wadudu wanaofyonza maji ya mmea, na huwalinda wadudu hao wasiliwe na maadui zao.

Kuanzia Juni hadi Agosti ongeza swali moja: mmea umelala wapi? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12. Phalaenopsis hukuzwa ndani ya nyumba za kioo zenye joto, na haipendi usiku ulio chini ya nyuzi 16 hivi. Iliyolala nje wiki mbili za Julai inaweza kuwa imeshaumia, na alama zisionekane hadi ufike nayo nyumbani. Cymbidium, aina nyingine ya okidi, ni kinyume chake. Hiyo hupenda baridi ya usiku, na kwa hali ya hewa ya Nairobi ni chaguo zuri sana kwa mtu mwenye baraza au roshani.

Neno kuhusu okidi za porini. Ukiuziwa kipande cha okidi kilichofungwa kwenye gome, bila chombo, mizizi imekatwakatwa, huenda kimebanduliwa kwenye mti. Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia, hutafutwa sana kwa namna hiyo. Okidi zote duniani zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini. Hilo peke yake latosha kuiacha. Isitoshe, mmea wa porini huja na wageni wake: sisimizi, konokono, wadudu magamba wa gome. Usinunue.

Hatua ya 2: Safari ya kurudi

Isimamishe wima, mbali na dirisha la gari lenye jua, na usiiache ndani ya gari lililofungwa ukaenda kununua vitu vingine. Ukifika, usiiweke karibu na bakuli la ndizi mbivu au maembe. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na machipukizi ya maua hugeuka njano na kudondoka. Mtu huanza kutafuta mdudu ambaye hayupo.

Hatua ya 3: Itenge

Chumba kingine ndicho bora. Kwa anayeishi nyumba ya chumba kimoja, dirisha la upande wa pili, mbali na mimea mingine, majani yasigusane kamwe. Muda ni wiki nne kwa uchache, na sita ni bora zaidi. Mayai ya wadudu hayaonekani kwa macho siku ya kwanza, wala mengi hayauawi na dawa ya kunyunyiza. Lazima uwape muda wa kuanguliwa ili uwaone.

Kutenga ni pamoja na maji. Watu wengi huzamisha vyungu vyao vyote kwenye beseni moja, kimoja baada ya kingine. Maji hayohayo hubeba kuvu, bakteria na wadudu wadogo kutoka chungu hiki hadi kile. Okidi mpya iwe na chombo chake cha maji, na imwagiliwe mwisho, baada ya nyingine zote.

Hatua ya 4: Ukaguzi wenyewe

Fanya mchana, karibu na dirisha. Andaa tochi ya simu, tishu nyeupe, vijiti vya pamba vya masikio, kijiti cha meno, na kalamu ya maka isiyofutika kwa maji. Kamera ya simu ikivuta karibu inatosha kama huna kioo cha kukuzia.

Anza na tishu. Ilowanishe kidogo, ipitishe chini ya jani kutoka shina hadi ncha, kisha itazame. Vumbi la Nairobi ni la kijivu au jekundu, na utalipata zaidi juu ya jani kuliko chini. Ukiona michirizi ya rangi ya kutu kwenye tishu iliyopita chini, wapo utitiri. Hao ni wadogo mno, hata wanaozidi nusu milimita ni wachache. Jani lao hupoteza ung'avu, likawa na vitone vidogo vya rangi ya fedha, na pengine nyuzi nyembamba kwenye maungio. Hustawi katika hewa kavu, kwa hiyo Januari na Februari, au karibu na hita, watafute kwa bidii zaidi.

Sasa washa tochi uielekeze kwenye maungio, pale jani linapokumbatia shina. Hapo ndipo nyumba ya vidung'ata, wadudu wafyonzaji waliojifunika nta nyeupe. Utaona kitu cheupe cha unga au pamba, ukubwa wa punje ya mchele au chini ya hapo. Kiguse kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti. Kikiwa ni mabaki ya mbolea au chokaa ya maji, kitabaki vilevile au kitasambaratika. Kikiwa ni kidung'ata, ile nta nyeupe hupotea papo hapo na mwili wa rangi ya waridi au chungwa hujitokeza, wakati mwingine miguu bado inachezacheza. Ukimpata mmoja, usiridhike. Angalia kwenye bua la maua chini ya vile viganda vikavu vinavyolizunguka kila baada ya sentimita kadhaa. Inua kiganda kwa kijiti cha meno. Tazama pia nyuma ya maua, na chini ya ukingo wa chombo, kwani vidung'ata hutoka kwenye mmea na kujificha hata kwenye plastiki.

Wadudu magamba ni wagumu kuwatambua kwa sababu hawaendi popote. Ni vibonge vya kahawia au vya rangi ya majani makavu, bapa, milimita 1 hadi 4, mara nyingi vimepangana kando ya mshipa wa kati upande wa chini. Vikwangue kwa ukucha. Kibonge kikibanduka na jani likabaki zima, ni mdudu. Kisipobanduka, ni sehemu ya jani. Kuna jamii moja inayopenda okidi sana ambayo madume wake hufunika eneo kwa nyuzi nyeupe, na watu huwadhani ni vidung'ata. Tofauti ni kwamba kati ya weupe ule utakuta magamba ya duara yaliyolala bapa.

Utomvu wa kunata unahitaji utulivu. Matone maangavu, safi, yaliyo nje ya kikonyo cha ua au kwenye ukingo wa jani changa, ni sukari ya mmea wenyewe na hayana ubaya. Utomvu uliotapakaa juu ya jani la chini, wenye vumbi na pengine ukungu mweusi juu yake, umedondoka kutoka kwa mdudu aliye juu. Inua macho, mtafute.

Maua yamalizie kwa karatasi nyeupe. Iweke chini ya ua, ligonge ua kwa kidole mara mbili tatu. Vithiripi huanguka: vijiti vyembamba vya njano au vyeusi, milimita 1 au 2, vinavyokimbia. Petali walizozifyonza huwa na mikwaruzo ya rangi ya fedha au kahawia.

Mwisho, zamisha chombo ndani ya ndoo ya maji hadi karibu na ukingo, dakika thelathini. Walio ndani watapanda juu: sisimizi, jongoo wadogo, konokono wa milimita chache wanaokula ncha za mizizi. Vijidudu vyeupe vinavyorukaruka juu ya maji havidhuru okidi, hula vitu vinavyooza. Vijimbu vyeusi vinavyopaa kila unapomwagilia ni dalili kwamba mchanganyiko wa kupandia umechakaa na unakaa na maji mno. Ukishuku konokono, laza kipande cha kiazi mbichi juu ya chungu usiku, ukitazame kabla ya jua.

Hatua ya 5: Soma madoa

Hapa ndipo kalamu ya maka inapofanya kazi. Kila doa linalokutia shaka, lizungushie mstari mwembamba ukingoni mwake, na andika tarehe kwenye jani hilohilo. Piga picha. Rudi baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Doa lililobaki ndani ya mstari ni kovu. Lililouvuka mstari ni ugonjwa unaoendelea.

Doa moja halingoji siku mbili: lile la majimaji, linaloonekana limeloweshwa kutoka ndani, laini, kahawia au jeusi, pengine na ukingo wa njano. Hilo ni la bakteria. Likinuka uozo, usisubiri hata jioni. Kwenye Phalaenopsis, doa la bakteria likifika kwenye moyo wa mmea, pale jani jipya linapochomoza, mmea umekwisha. Uozo mweusi unaoanzia chini, jani likachomoka ukiligusa tu, nao ni wa haraka hivyohivyo. Huletwa na maji yaliyotuama kwenye moyo wa mmea, hasa usiku wa baridi, kwa wauzaji wanaomwagilia kwa mpira kutoka juu.

Alama nyingine zina historia ya kawaida:

- Baka kubwa jeupe au la rangi ya karatasi, kavu, sehemu ya jani iliyoelekea juu: limeungua kwa jua. Huku kwetu jua ni kali hata siku ya mawingu mepesi. Kovu litabaki, jani litaendelea kufanya kazi.
- Vishimo vilivyodidimia juu ya jani changa, vya njano na baadaye kahawia au nyeusi: baridi au maji baridi. Hutokea wiki kadhaa baada ya tukio lenyewe, ndiyo maana mtu hulaumu nyumba yake kwa baridi ya kwa muuzaji.
- Ncha za majani zilizokauka: mara nyingi chumvi. Ukiona na ukoko mweupe juu ya mchanganyiko, suuza kwa maji mengi ya mvua. Maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yana chumvichumvi na floridi nyingi, na ukiwa na mtungi wa kukinga mvua okidi zitakushukuru.
- Jani moja la chini kabisa kugeuka njano polepole: uzee. Liache lidondoke lenyewe.
- Majani yote yamelegea na kukunjamana: mizizi hainywi. Imekauka, au imeoza. Kosa kubwa ni kuongeza maji bila kuangalia ni ipi kati ya hizo mbili.

Kuna madoa ya virusi, na hayo yanahuzunisha. Virusi viwili vinavyojulikana zaidi ni vya mozaiki ya Cymbidium na vya madoa-pete ya Odontoglossum. Inua jani jipya mbele ya mwanga. Michirizi au viraka vya kijani hafifu na kijani kibichi vilivyochanganyika, pete, au mistari myeusi iliyodidimia isiyofuata mkwaruzo wowote, vinatia shaka. Maua yenye rangi iliyokatikakatika bila mpangilio pia. Tiba hakuna, na mmea mwingine hubeba virusi bila kuonyesha chochote. Huenezwa sana na wembe na mikasi. Kwa hiyo kila mkato, kila mmea: pitisha kisu kwenye moto wa gesi hadi kipate joto kali, kiache kipoe, ndipo ukate.

Hatua ya 6: Tibu ulichokiona, usitibu hofu

Kunyunyiza dawa kali mmea usio na mdudu ni kuutesa bure. Anza na mikono. Vidung'ata na magamba futa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, mmoja mmoja. Jaribu kwanza jani moja, usiguse maua, na usifanye juani. Kisha nyunyiza majani yote, zaidi upande wa chini, kwa maji yenye sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chai kwa lita, au mafuta ya mwarobaini mililita 5 kwa lita pamoja na matone machache ya sabuni ili yachanganyike. Nyunyiza jioni, na hakikisha moyo wa mmea umekauka: nyonya maji kwa ncha ya tishu. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie.

Rudia kila baada ya siku saba hadi kumi, angalau mara tatu. Kuacha baada ya mara ya kwanza kwa sababu "wameisha" ndiko kunakowarudisha.

Utitiri hutolewa kwanza kwa maji. Osha majani pande zote mbili chini ya bomba, kausha, kisha mwarobaini. Ukifika mahali pa kwenda agroveti, peleka picha au jani ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kuwa dawa nyingi za wadudu haziui utitiri. Hakikisha lebo ina namba ya PCPB, bodi inayosajili viuatilifu Kenya, na fuata kipimo kilichoandikwa. Usinyunyize ndani ya chumba wanacholala watoto.

Kwa uozo, kata kwa kisu kilichopitishwa motoni, sentimita 1 hadi 2 ndani ya sehemu nzima ya kijani. Paka unga wa mdalasini kwenye kidonda peke yake, usiumwage kwenye mizizi kwani huikausha. Usimwagilie siku kadhaa, weka penye hewa inayopita. Dawa za shaba husaidia dhidi ya bakteria na kuvu, lakini usizitumie kwenye okidi za jamii ya Dendrobium, zitaziunguza.

Okidi yenye dalili za wazi za virusi ifunge kwenye mfuko uitupe. Isiende kwenye mboji, wala usimpe jirani. Chungu chake kiloweke nusu saa kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kabla ya kukitumia tena.

Hatua ya 7: Lini iungane na nyingine

Wiki sita zikipita, na tishu ikitoka safi mara mbili mfululizo kwa umbali wa wiki moja, ihamishe. Iweke pembeni ya kundi, si katikati, na uendelee kupitisha tishu chini ya majani yake kila unapomwagilia.

Maua yakianguka, ibadilishie chombo hata kama inaonekana nzima. Okidi nyingi za dukani huwa na kifundo cha mosi, yale majani makavu ya nyuzinyuzi yanayonyonya maji, kilichobanwa katikati ya mizizi tangu zikiwa miche. Nje panaweza kukauka kabisa huku kifundo kile kikibaki kimelowa wiki nzima, na mizizi ya katikati ikioza bila jani lolote kulalamika. Loweka mizizi ndani ya beseni hadi ilainike, ndipo ukitoe kifundo kwa vidole, nyuzi chache kwa wakati. Kata mizizi iliyo laini, uache mmea upumue kivulini hadi mikato ikauke, kisha panda kwenye vipande vya magome, makaa na makumbi ya nazi. Maji ya kwanza upe baada ya siku mbili au tatu.